Weston Price: docta wa meno aliyepita Lubero na Ituri akipima mataya ya watu

Mwaka wa 1935 Kolwezi ilikuwa haijawa mji. Reli ya kwenda Dilolo na Lobito ilikuwa imekwisha kupita hapo, na shaba ya eneo hilo ilijulikana, lakini Union Minière ilikuja kuweka makao ya migodi yake ya magharibi mahali hapo mwaka wa 1937. Katika mwaka huo wa 1935, mbali upande wa kaskazini-mashariki mwa koloni, docta wa meno kutoka Cleveland, Marekani, mwenye umri wa karibu miaka 65, alikuwa anazunguka Lubero na Ituri akiwaomba watu wafungue vinywa. Alihesabu meno, akaandika mangapi yametoboka, akatazama kama taya ni pana ama nyembamba, akapiga picha. Jina lake lilikuwa Weston Price.

Jina hilo linatajwa hadi leo kwa sababu mbili zisizopatana. Wako wanaomwona kuwa mtu aliyeonyesha kwamba chakula cha dukani kinaweza kuharibu vinywa vya familia nzima katika kizazi kimoja tu. Wako wengine wanaomkumbuka kama docta ambaye fundisho lake lilichangia kung'olewa bure kwa meno ya watu wengi sana. Pande zote mbili zina haki. Na kwa mzazi wa Kolwezi, Likasi ama Fungurume ambaye mtoto wake ana meno yanayopandana, ama mtu ambaye taya inalia karibu na sikio kila anapopiga mwayo, maisha ya mtu huyu yana mambo ya kutazamwa kwa karibu, mazuri na mabaya.

Price alizaliwa tarehe 6 Septemba 1870 karibu na Newburgh, katika jimbo la Ontario, inchi ya Kanada, kwenye familia ya wakulima. Alivuka mpaka na kusoma udocta wa meno katika Chuo Kikuu cha Michigan, akamaliza mwaka wa 1893. Alianzia kazi katika mji mdogo wa Grand Forks, Dakota ya Kaskazini, kisha akahamia Cleveland, ambako alifanya karibu kazi yake yote. Alikuwa mtu wa kujaribu vitu. Alitengeneza kipimo cha joto kwa ajili ya majiko ya kuchomea meno ya kauri, na alikuwa miongoni mwa madocta wa kwanza waliotumia picha za radio kutazama mizizi ya meno ndani ya mfupa.

Wakati huo huo Mmarekani mwingine, Edward Angle, alikuwa anafanya unyooshaji wa meno uwe kazi yenye kanuni zake. Mwaka wa 1899 Angle alitoa namna ya kugawa midomo ambayo meno yake hayakutani vizuri katika aina 3, kwa kutazama jinsi gego kubwa la kwanza la juu linavyokaa juu ya gego kubwa la kwanza la chini. Madocta wa dunia nzima bado wanatumia mgawanyo huo. Mwaka uliofuata alifungua shule yake St. Louis, na kule alifundisha kwamba meno yote ya mtu yanaweza kupata nafasi kama docta anajua kuyapanga, na kwamba kung'oa jino zima ili kupata nafasi ni kushindwa. Price hakuwa mnyooshaji wa meno kama Angle. Swali lake lilikuja baadaye, nalo lilikuwa lingine: kwa nini taya ya mtu inakuwa ndogo kuliko meno yake mwenyewe?

Mbele ya kufika kwenye swali hilo, alipita kwenye kosa kubwa la maisha yake.

Mwanzoni mwa karne ya 20, madocta wengi wa Ulaya na Marekani waliamini kwamba uchafu uliojificha mahali padogo mwilini, kama kwenye mzizi wa jino ama kwenye mafindofindo, unasafiri na damu na kuleta magonjwa ya moyo, figo, viungo, hata ya akili. Price si yeye aliyezua wazo hilo. Lakini aliliingia kwa nguvu zote. Aliongoza kituo cha uchunguzi cha chama cha madocta wa meno wa Marekani, na mwaka wa 1923 alichapisha matokeo yake katika vitabu viwili vinene. Katika kazi hiyo alichukua meno yaliyotibiwa mizizi kutoka vinywani mwa wagonjwa, akayaweka chini ya ngozi ya sungura. Sungura waliugua, na wengi walikufa. Price alisema jino lililotibiwa mzizi ni sumu inayokaa ndani ya mtu.

Madocta waliomsoma walianza kung'oa. Jino likiwa na shaka kidogo, linatoka. Mgonjwa wa magoti akija, meno yanatoka. Kuna watu walioingia kwa docta na kinywa kizima wakatoka na ufizi mtupu, na magoti yao yaliendelea kuuma vile vile.

Wachunguzi wengine waliporudia majaribio yake kwa uangalifu zaidi, hawakupata matokeo yale. Vijidudu alivyotumia vilikuwa vingi kupita kiasi, namna yake ya kulinda vifaa visichafuke haikutosha, na hakuwa na vikundi vizuri vya kulinganisha. Tangu miaka ya 1930 fundisho hilo lilianza kuachwa, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia madocta wa meno walirudi kutibu mizizi badala ya kung'oa. Hata hivyo wazo lenyewe halijafa. Linazunguka bado kwenye simu za watu, katika ujumbe na video zinazosema kwamba jino lililotibiwa mzizi linaleta kansa, na mara nyingi jina la Price ndilo linalotajwa kama ushahidi. Anayepokea ujumbe wa namna hiyo ajue kwamba msingi wake ni sungura wa miaka mia moja iliyopita, na kwamba majaribio yale hayakusimama.

Price mwenyewe hakukubali waziwazi kwamba alikosa. Alifanya jambo lingine: aliacha kutafuta ugonjwa ndani ya maabara, akaondoka kwenda kutafuta afya. Alisema madocta wanajua sana vinywa vilivyoharibika na hawajui kabisa vinywa vizima. Kama yuko mtu mahali fulani mwenye meno yasiyotoboka na taya lenye nafasi, inafaa kumtafuta na kujua anakula nini.

Tangu mwaka wa 1931 alianza safari, mara nyingi pamoja na mke wake Florence. Alikwenda kwenye bonde la Lötschental, kule Uswisi, ambako watu waliishi kwa mkate wa shayiri nyeusi, jibini na maziwa. Alikwenda kwenye visiwa vya kaskazini-magharibi mwa Scotland, kwa wavuvi waliokula samaki na uji wa shayiri. Mwaka wa 1933 alikuwa Alaska, 1934 kwenye visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Kila mahali alifanya hesabu ile ile: watu wanaokula chakula cha kwao upande mmoja, na ndugu zao wa damu wanaokula unga mweupe, sukari, jemu na vitu vya mikebe upande mwingine.

Katika mwaka wa 1935 zamu ilifika kwa Afrika. Alishuka Mombasa, akapanda bara kupitia Kenya, akaingia Kongo ya Wabelgiji, kisha akarudi kaskazini kupitia Uganda na Sudan hadi Misri kwa kufuata mto Nile. Kwa Wamasai wa Kenya, waliokuwa wanaishi kwa maziwa, damu na nyama, alitazama watu 88 wenye meno 2,516, akapata meno 10 tu yaliyotoboka. Kwa Wakikuyu, wakulima wa viazi vitamu, mahindi na maharagwe, meno yaliyotoboka yalikuwa zaidi, karibu 5 na nusu kwa mia, lakini bado ni machache sana kwa docta aliyezoea vinywa vya Cleveland.

Kwa msomaji wa mashariki mwa Kongo, sehemu inayofuata ndiyo yenye ladha. Price alifika Lubero kwa Wanande. Aliingia msitu wa Ituri kwa Wambuti. Kwenye misioni ya Nyankunde, karibu na Irumu, aliwatazama Wahema, Wabira, Waalur na Walendu. Hapo alihesabu watu 217 wenye meno 6,461, na meno 390 yalikuwa yametoboka, yaani karibu 6 kwa mia. Leo majina ya makabila hayo yanasikika katika habari za vita kuliko habari za afya. Katika daftari la docta huyu yanakaa pamoja kwenye mstari mmoja, watu wa misioni moja, na tofauti anayoitafuta kati yao ni nani anakula nini.

Jambo lililomshangaza zaidi halikuwa meno kutotoboka. Lilikuwa mataya. Katika vijiji vingi alikuta upinde wa meno ulio mpana na wa mviringo, meno ya juu yakikaa vizuri juu ya ya chini, na magego ya mwisho, yale yanayotoka mtu akiwa amekomaa, yakiwa na nafasi yake nyuma kabisa. Marekani magego hayo yalikuwa tayari yanakwama ndani ya mfupa kwa watu wengi, na kuyatoa kulikuwa kazi ya kila siku ya madocta. Lakini alipokaribia misioni, bandari, mashamba ya wazungu na mahali pengine ambapo chakula kutoka nje kilikuwa kimefika, alianza kuona watoto wenye upinde mwembamba, meno ya mbele yakipandana, pua nyembamba, midomo wazi. Na wazazi wa watoto hao, waliokua kwa chakula cha kijiji, walikuwa na mataya mapana.

Hapo Price alisema jambo moja la maana ambalo watu wanalisahau. Wakati wake, maelezo yaliyopendwa na wasomi wengi yalikuwa kwamba meno yanapandana kwa sababu ya kuchanganya damu: mtoto anachukua meno makubwa ya kabila la mama na taya ndogo ya kabila la baba. Maelezo hayo yaliwafurahisha wale waliokuwa wanataka watu wasichanganyike. Price alionyesha kwamba mabadiliko yale yanatokea ndani ya familia ambazo hazikuchanganyika na yeyote, ndugu wakubwa wakiwa na taya pana na wadogo wakiwa na taya nyembamba, baba na mama wakiwa wale wale. Kwa hiyo sababu haiwezi kuwa damu.

Hii isifanye mtu amgeuze kuwa mtakatifu. Alikuwa mtu wa zama zake. Watu aliowasifu aliwaita wa hali ya chini ya maendeleo, na katika kitabu chake kikubwa cha mwaka wa 1939 alifika mahali pa kusema kwamba uso usiokua vizuri unakwenda pamoja na tabia mbaya na hata uhalifu. Hakuna ushahidi wa jambo hilo. Alikaa siku chache tu katika kila kijiji, aliongea kwa wakalimani, alichagua mwenyewe picha za kuweka kitabuni, na hakuhesabu watoto waliokufa kwa surua ama malaria mbele ya kufikia umri wa kuonyesha meno. Aliona vijiji vya Kongo kama bustani. Aliyeishi ndani yake wakati wa kazi za lazima za pamba na ushuru wa serikali ya Wabelgiji asingetumia neno hilo.

Hata katika sababu, alifika nusu ya njia. Aliamini kwamba taya linapungua kwa sababu chakula cha wazazi kimekosa vitamini na madini, hasa mbele ya mtoto kuzaliwa. Chakula cha mama ni jambo la maana kweli. Lakini uchunguzi uliokuja baadaye ulielekeza pia upande ambao yeye hakuutazama sana: kutafuna. Wanyama waliolishwa chakula laini tangu wakiwa wadogo walikua na mataya membamba kuliko ndugu zao waliolishwa chakula kigumu, hata chakula chenyewe kikiwa na lishe ile ile. Mfupa wa taya unakua kwa kazi. Mtoto anayetafuna miwa, mahindi ya kuchoma, karanga na muhogo anaupa mfupa kazi. Mtoto wa mkate laini, biskuti na chai yenye sukari anaupa mapumziko. Kuna sababu nyingine pia: kunyonya kidole kwa miaka, pua iliyoziba inayomlazimisha mtoto kupumua kwa kinywa, urithi wa familia, na meno ya maziwa yaliyooza yakang'olewa mapema. Hii ya mwisho inadharauliwa sana. Jino la maziwa linashika nafasi ya jino kubwa linalokuja. Likitoka miaka miwili au mitatu mbele ya wakati, majirani wake wanaegemea kwenye pengo, na jino kubwa likifika linakuta mlango umefungwa.

Price aliwahi kujaribu kurekebisha taya kwa mkono wake. Anasimulia habari ya kijana wa miaka 16 aliyezaliwa na hali inayoitwa leo ugonjwa wa Down, ambaye taya lake la juu lilikuwa jembamba sana. Alimwekea chombo kinachosukuma pande mbili za taya la juu ziachane, akaipanua kwa zaidi ya sentimeta moja. Aliandika kwamba kijana alipumua vizuri zaidi, akasikia vizuri zaidi, na akili yake ikafunguka. Kuhusu kupumua, mtu anaweza kuamini, kwa sababu kaakaa ndilo sakafu ya pua. Mengine yote ni ushuhuda wa docta mmoja juu ya mgonjwa mmoja, na hali ya Down haitibiwi kwa kupanua taya. Lakini chombo chenyewe si ndoto. Madocta wanaonyoosha meno wanakitumia kila siku kwa watoto, kwa sababu mfupa wa taya la juu una pande mbili zinazokutana katikati ya kaakaa, na mshono huo hauwi mgumu mpaka mtoto amekuwa kijana. Mzazi anazungusha skrubu ndogo kwa ufunguo, kidogo kidogo kila siku kadiri docta alivyoagiza, na taya linapanuka. Kwa mtu mzima mshono umekwisha kufunga, na kazi hiyo mara nyingi inataka kisu cha docta.

Na kiungo cha taya, kile kinacholia karibu na sikio? Hapa inafaa kumtaja mtu wa tatu, kwa sababu habari yake ilitoka wakati Price alikuwa safarini. Mwaka wa 1934, James Costen, docta wa masikio wa mji ule ule wa St. Louis ambako Angle alifungulia shule, alichapisha habari za wagonjwa 11 waliokuwa na maumivu ya sikio, kizunguzungu, masikio kuziba na kichwa kuuma, huku masikio yenyewe yakionekana kuwa mazima. Wengi walikuwa wamepoteza magego. Costen alisema taya lao limezama juu sana kwa sababu nyuma hakuna meno ya kulizuia, na kichwa cha mfupa kinabonyeza mahali pasipofaa. Dawa yake ilikuwa kuinua mdomo, yaani kuweka kitu kati ya meno ya juu na ya chini ili taya lirudi chini.

Maelezo yake juu ya mfupa kubonyeza mishipa yalikataliwa baadaye na wataalamu wa maumbile ya mwili. Lakini alikuwa ameonyesha mlango: maumivu yanayodhaniwa kuwa ya sikio yanaweza kutoka kwenye taya. Kutoka hapo ilizaliwa imani iliyotawala kwa miaka mingi, kwamba meno yasiyokutana vizuri ndiyo yanayoharibu kiungo, na kwa hiyo ukinyoosha meno, kiungo kitapona. Imani hiyo inapendeza kwa sababu ni rahisi. Uchunguzi wa miaka mingi haukuithibitisha. Kiungo kinauma kwa sababu nyingi: misuli iliyochoka kwa kusaga meno usiku, mawazo mengi, pigo la ajali, kipande laini kilichomo ndani ya kiungo kuhama mahali pake, ama ugonjwa wa viungo. Kuna watu wenye meno yaliyopotoka sana wasiosikia maumivu yoyote, na watu wenye meno yaliyopangwa vizuri wanaoshindwa kufungua mdomo asubuhi.

Kwa hiyo docta mwangalifu haanzi na vyuma. Anaanza na mambo madogo: chakula laini kwa siku chache, kitambaa cha moto kwenye misuli, mazoezi ya kufungua na kufunga polepole, kuacha kutafuna bazoka, dawa ya maumivu, na wakati mwingine kifaa cha plastiki cha kuvaa usiku ili meno yasisagane. Wagonjwa wengi wanapata nafuu hapo. Vyuma vya meno vina nafasi yao wakati mdomo wenyewe unalilazimisha taya kwenda mahali pabaya: kwa mfano, taya la juu likiwa jembamba hivi kwamba mtoto anahamisha taya la chini upande mmoja ili meno yakutane, ama meno ya mbele yasipogusana kabisa na magego yakabeba kazi yote. Kumpanulia mtoto wa namna hiyo taya kunamwondolea kuhama huko, na uso unaendelea kukua sawa pande mbili. Mtu mzima mwenye maumivu ya kiungo anaweza kunyooshewa meno kwa sababu nzuri, lakini kwanza maumivu yatulizwe, na asiahidiwe kwamba vyuma vitayaondoa. Vile vile asitishwe kwamba vyuma vitamharibia kiungo. Hilo nalo halikuthibitishwa.

Price hakuwahi kufika Katanga, na hiyo ni hasara kwa kazi yake mwenyewe. Jaribio alilokuwa analitafuta dunia nzima lilikuwa linaendelea huku. Union Minière ilikuwa imeanza, tangu mwisho wa miaka ya 1920, kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao. Watu walitoka Kasai, Lomami, hata Rwanda na Burundi, wakaacha mashamba na kuanza kuishi kwa poso ya kampuni, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa unga wa mahindi. Mzazi alikulia kijijini, mtoto alizaliwa kambini. Kambi zilikuwa na hospitali na madaftari. Docta mwenye kamera na subira angeweza kuwatazama ndugu wa tumbo moja, mkubwa wa kijiji na mdogo wa kambi, si kwa siku tatu bali kwa miaka. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ajili ya mataya, na kizazi kile kimepita.

Vizazi vya sasa vya Kolwezi, Musonoi na Kapata vina chakula kingine tena. Bukari na sombe bado viko mezani, lakini mtoto anakwenda shule na biskuti, anarudi na sukre. Kwa familia inayoishi kwa mshahara wa kampuni ama kwa magunia ya madini, kunyoosha meno ni mzigo: kazi ya mwaka mmoja na nusu ama miwili, yenye kurudi kwa docta kila baada ya majuma machache, na kama docta mwenye ujuzi huo anapatikana Lubumbashi, barabara ni ya kilomita karibu 300. Ndiyo maana jino la maziwa la mtoto wa miaka sita linastahili kuzibwa badala ya kung'olewa. Gharama yake ni ndogo kabisa ukilinganisha na vyuma vya miaka kumi baadaye. Na mtoto wa miaka saba ama nane ambaye taya lake la chini linakwenda upande anapofunga mdomo ni wa kuonyeshwa kwa docta mapema, mshono wa kaakaa ukiwa bado laini.

Baada ya Afrika, Price alisafiri mara mbili zaidi: Australia, New Zealand na visiwa vya Torres mwaka wa 1936, kisha Peru mwaka wa 1937. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1939, wakati Ulaya ilikuwa inaingia vitani, na madocta wenzake hawakukijali sana. Alikufa tarehe 23 Januari 1948 katika mji wa Santa Monica, California, mji ambamo Edward Angle pia alifia mwaka wa 1930. Mwaka wa 1999 shirika moja lilianzishwa Marekani kwa jina lake, nalo linahimiza watu wanywe maziwa mabichi, jambo ambalo wenye kazi ya afya ya watu wengi wanalipinga kwa sababu ya magonjwa yanayoletwa na maziwa hayo.

Picha zake zimehifadhiwa California. Kati yake wamo watu wa Lubero na Ituri, wakitazama kamera na kufungua midomo, meno yao yakiwa yamepangika vizuri. Chini ya picha kitabuni limeandikwa kabila, na wakati mwingine mahali na namna ya chakula. Majina ya watu wenyewe hakuyaandika.